Nani Ameshika Pesa: Migogoro ya Gari la Kukodi Ugenini

Saa nne usiku, kwenye maegesho ya chini ya hoteli moja mtaani Deira, Dubai, kijana wa kampuni ya magari alichuchumaa mbele ya gari tulilokuwa nalo kwa siku sita. Akawasha tochi ya simu, akamulika chini ya bampa upande wa kulia. Palikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole. "Huu haukuwepo," akasema. Akaniuliza kama nina karatasi ya polisi. Sikuwa nayo. Basi, akasema, bila karatasi ya polisi bima haihusiki, na mkwaruzo huo ni dirham 1,800, zitakatwa kwenye dhamana. Ndege yetu ilikuwa saa kumi alfajiri. Shangazi yangu, aliyekuwa amekalia begi la vitambaa alivyonunua, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, tusichelewe."

Tusichelewe. Ndilo neno linalowagharimu wasafiri pesa nyingi kuliko mkwaruzo wowote. Msafiri ana saa ya kuondoka na kampuni haina. Kijana yule hakuwa na haja ya kunitisha wala kuinua sauti, kwa sababu ndege ilikuwa inamfanyia kazi hiyo. Watu wengi hudhani ugomvi wa namna hii huamuliwa na sheria ya nchi waliyomo. Kwa nilivyoona na nilivyosoma, kwanza huamuliwa na aliyeshika pesa, kisha na mwenye ushahidi uliobeba tarehe. Sheria hufika baadaye sana, mara nyingi msafiri akiwa amesharudi kwao na ameshakata tamaa.

Tuanze na pesa. Ukichukua gari, kampuni huzuia kiasi fulani kwenye kadi yako. Pesa hizo hazijalipwa, zimefungiwa tu. Kwa mwenye kadi ya mkopo, kilichofungiwa ni sehemu ya mkopo aliopewa na benki. Kwa mwenye kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti, na wengi wetu tunaotoka Dar, Mombasa au Kampala tunasafiri na kadi za namna hiyo, kilichofungiwa ni mshahara wake, au ada ya mtoto inayotakiwa Jumatatu. Dubai dhamana huweza kukaa wiki mbili hadi nne hata kama hakuna ugomvi wowote, kwa kuwa kampuni inasubiri faini za barabarani na ada za Salik. Salik ni malango ya kulipia barabara yaliyoanza mwaka 2007. Tangu mwisho wa Januari 2025 kila lango hutoza dirham 6 saa za msongamano na 4 saa za kawaida, na kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hupitwa bure. Lango husoma kibandiko kilicho kwenye kioo, bili humwendea mwenye gari, naye hukuletea wewe akiwa ameongeza chake. Kungoja huko kuna sababu ya msingi. Tatizo ni kwamba wiki zote hizo pesa zako zimo mikononi mwa mtu ambaye wakati wowote anaweza kukumbuka mkwaruzo.

Neno linalowapotosha zaidi watu wetu ni bima. Nyumbani tumezoea bima ndogo na bima kubwa. Mhudumu wa kaunta akisema gari "lina bima", msafiri husikia bima kubwa na moyo wake hutulia. Kile kinachouzwa kwenye kaunta nyingi za Ulaya ni ahadi ya mwenye gari kwamba hatakudai hasara inayopita kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho, kila senti ni yako, na chaweza kuwa euro 1,000 au hata kupita 2,000. Isitoshe, ahadi yenyewe ina matundu: tairi, rimu, vioo, paa na tumbo la gari mara nyingi havimo, na hivyo ndivyo vitu vinavyoumia kwanza. Huko Iceland huuzwa hata kinga ya peke yake ya mchanga na majivu, maana upepo wa huko ukibeba mchanga huweza kuchubua rangi ya ubavu mzima wa gari. Zaidi ya hayo, ahadi hufutika yote ikiwa aliyekuwa akiendesha hakuandikwa kwenye mkataba, au uliweka petroli kwenye gari la dizeli, au ulipita njia iliyokatazwa, au hukupata ripoti ya polisi pale inapotakiwa. Leseni nayo imo. Kuna nchi zinazotaka leseni ya kimataifa ya udereva pamoja na leseni yako ya nyumbani, na kampuni inaweza kukupa gari bila kuiulizia, kisha ikaiulizia siku ya ajali.

Kosa linalofanana na hilo lipo hapa kwetu pia. Ukikodi gari Nairobi ukavuka nalo kwenda Arusha au Kigali, utatakiwa kuwa na barua ya ruhusa ya mwenye gari, na gari liwe na Yellow Card ya COMESA. Wengi hudhani kadi hiyo ya njano inalinda gari. Kazi yake kubwa ni madai ya watu wengine utakaowadhuru au kuwaharibia mali. Gari la mwenyewe likibonyea huko Rwanda, ambako waliotoka Kenya na Uganda ghafla hujikuta wanaendesha upande wa kulia, gharama hurudi kwenye mkataba mliosaini Nairobi.

Ugomvi mwingine huanzia kwa dalali wa mtandaoni. Unatafuta gari kwenye simu, unapata bei nzuri, na kabla ya kulipa unaongezewa "kinga kamili" kwa pesa kidogo kwa siku. Unafika uwanjani, mhudumu anakwambia kwamba yeye haitambui kinga hiyo. Unamwona mwizi, naye anakuona mbishi. Ukweli ni kwamba nyote wawili mko sahihi. Kinga ya dalali ni ya kurejeshewa: likitokea la kutokea unailipa kampuni kwanza kutoka mfukoni, kisha unapeleka risiti, mkataba na ripoti kwa mwenye kinga akurudishie. Haipunguzi dhamana hata senti moja. Mtu aliyekuja na kadi yenye pesa ya kodi tu husimama pale kaunta na watoto na mabegi, hana dhamana ya kutosha, na analazimika kununua kinga ya kampuni ambayo huenda ikapita bei ya gari lenyewe.

Hapo kaunta ndipo biashara yenyewe ilipo. Bei ya siku inayoonekana kwenye simu mara nyingi ni chambo. Faida hutafutwa kwenye nyongeza: kinga, dereva wa pili, kiti cha mtoto, mafuta, ukubwa wa gari. Wahudumu wengi hulipwa kamisheni kwa kila nyongeza wanayouza. Sisemi hivyo ili tuwachukie. Nasema ili mtu ajue kwamba anayemshauri anunue ana maslahi katika ununuzi huo. Malalamiko ya aina hii yaliwafikisha wadhibiti wa Ulaya kwenye meza moja na makampuni makubwa matano: Avis, Enterprise, Europcar, Hertz na Sixt. Yaliahidi kubadilika, na Machi 2019 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba yote matano yamerekebisha jinsi yanavyoonyesha bei, ili bei ya kwanza anayoiona mteja iwe na gharama zote zisizoepukika. Yalikuwa mafanikio ya kweli. Hata hivyo yaligusa bei inayotangazwa, na ubishi wa mkwaruzo ukabaki palepale, baina ya watu wawili kwenye maegesho yenye mwanga hafifu.

Kwenye maegesho kuna msemo wetu unaotosha: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi ni video ya dakika mbili. Isichukuliwe kwa haraka, gari likiwa limelowa au liko gizani, kwa sababu maji na giza huficha mikwaruzo. Zunguka taratibu. Inama kwenye rimu zote nne, maana hukwaruzwa na ukingo wa barabara kuliko sehemu nyingine yoyote. Piga chini ya bampa, paa, kioo cha mbele, geji ya mafuta na kilomita. Ile fomu yenye mchoro wa gari ndiyo hati muhimu kuliko kurasa zote za mkataba. Kovu lisilochorwa pale huhesabiwa kuwa halikuwepo, kwa hiyo likiachwa mwite mhudumu alichore kabla hujawasha gari. Siku ya kurudisha fanya yote hayo tena, na uondoke na risiti inayosema gari limepokelewa na halina deni. Ukiacha ufunguo kwenye kisanduku usiku, gari laweza kuhesabiwa liko mikononi mwako mpaka ofisi ifunguliwe, na litakalolipata usiku huo laweza kuwa lako.

Mwaka 2025 Hertz ilianza kuweka mashine za kampuni ya UVeye kwenye baadhi ya viwanja vya ndege vya Marekani, ikianzia Atlanta. Gari hupita katikati ya kamera, nazo huona alama ambazo jicho la mhudumu lingeziacha. Mashine ikifanya kazi sawasawa gari linapotoka na linaporudi, humlinda hata mteja. Lakini picha hizo zinakaa kwa kampuni, na anayezitafsiri ni kampuni. Sababu ya kuwa na zako mwenyewe imezidi kuwa kubwa.

Nirudi Deira. Picha za pande nne za gari nilikuwa nazo, lakini sikuinama kupiga chini ya bampa. Nilimwomba kijana twende kituo cha polisi pamoja. Dubai gereji hairuhusiwi kutengeneza gari lililogongwa bila karatasi ya polisi, kwa hiyo kama kweli walikusudia kulitengeneza, karatasi hiyo waliihitaji hata wao. Akasema ana magari mengine matatu ya kupokea usiku ule. Akanipa fomu nisaini. Nikaandika juu ya sahihi, kwa Kiingereza, kwamba sikubaliani, kwamba mkwaruzo niliukuta, na kwamba niliomba twende polisi akakataa. Nikaweka saa na tarehe, kisha nikaipiga picha fomu mbele yake. Kukataa kabisa kusaini kungeacha karatasi tupu, na karatasi tupu hujazwa na aliyebaki nayo.

Ndani ya ndege shangazi alikuwa anapitia picha zake. Kuna moja niliyompiga siku ya kwanza nje ya hoteli, amevaa kitenge cha bluu, mkono mmoja juu ya boneti, dakika kumi na moja baada ya kukabidhiwa ufunguo. Nikaivuta. Usawa wa goti lake, pembeni ya pindo la kitenge, mkwaruzo ule ule ulikuwa unaonekana.

Wiki tatu baadaye dirham 1,800 zilikatwa, karibu dola 490. Niliwatumia kampuni ile picha. Wakajibu kwamba picha ya mteja si ukaguzi wao. Niliwaandikia mara ya pili nikiomba makadirio ya gereji, risiti ya matengenezo na karatasi ya polisi iliyotumika kulitengeneza gari. Hawakujibu.

Maombi hayo ya hati ndiyo silaha ambayo wasafiri wengi hawaitumii. Malalamiko kwamba mmeniibia ni rahisi kuyapuuza, na ombi la karatasi iliyotajwa kwa jina ni gumu zaidi kulikwepa. Marekani, kwa mfano, kampuni hudai si gharama ya matengenezo tu, bali pia pesa ambazo gari lingeingiza siku lilipokuwa gereji. Waombe kumbukumbu zinazoonyesha kwamba siku hizo magari yao mengine yote yalikuwa yamekodishwa. Kama kulikuwa na mengine yamekaa bila mteja, dai hilo mara nyingi hupoteza mguu wa kusimamia. Andika kwa barua pepe, si kwa simu, na uwape siku za kujibu.

Kuna madai yanayokuja mtu akiwa ameshasahau safari yenyewe. Italia inaongoza hapo. Miji yake mikongwe, kama Florence na Roma, ina maeneo ambayo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia, nayo hulindwa na kamera. Mgeni hufuata ramani ya simu, anapita mara mbili akitafuta hoteli, na kila mpito ni kosa lake. Kwanza kampuni hukata makumi ya euro kwa kazi ya kutoa jina lako kwa polisi. Miezi kadhaa baadaye huja faini yenyewe kutoka mjini, na sheria ya Italia inawapa siku 360 kumfikishia mtu anayeishi nje ya nchi. Watu huona wametozwa mara mbili na kuanza kupigana na kampuni juu ya yote mawili. Yatenganishe. Ada ya kampuni hubishaniwa na kampuni, kwa mkataba. Faini hubishaniwa na mji ulioitoa, au hulipwa mapema: ukiilipa ndani ya siku tano za kuipokea, kwa makosa mengi hupungua kwa asilimia 30.

Na kuna kiwango ambacho ugomvi huu huacha kuwa wa pesa. Desemba 2022 Hertz ilikubali kulipa takriban dola milioni 168 kumaliza madai 364, mengi yakiwa ya wateja waliosema kampuni iliripoti polisi kwamba magari waliyoyakodi yameibwa. Wapo waliokamatwa, na wapo waliolala rumande. Baadhi ya visa vilianzia kwenye jambo la kawaida kabisa, kama kuongeza siku au malipo yasiyopita kwenye kadi. Kwa mgeni mwenye viza, kukamatwa kwa dai la wizi ni balaa la aina nyingine. Ndiyo maana kuongeza siku kusifanyike kwa maneno ya simu peke yake. Pata ujumbe wa maandishi unaotaja tarehe mpya.

Kuhusu pa kulalamikia, majibu yanategemea unaishi wapi kuliko pasi uliyobeba. Mtanzania anayeishi Ujerumani na aliyekodi gari Hispania anaweza kwenda bure kwenye mtandao wa vituo vya walaji vya Ulaya, unaohudumia wakazi wa nchi za Umoja wa Ulaya, Norway na Iceland. Ndugu yake aliyetoka Tanga moja kwa moja hawezi. Anayeishi Uingereza na kulipa kwa kadi ya mkopo ya huko ana kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974, kinachoifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji kwa bidhaa au huduma ya bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000, hata ununuzi ukifanyika nje ya nchi. Aliyeko Marekani ana siku 60 tangu taarifa ya kadi ya mkopo itumwe kuandika barua ya kupinga. Dubai ina chombo cha serikali cha kulinda walaji kinachopokea malalamiko mtandaoni, hata ya watalii. Mahakama za madai madogo zipo, lakini kwa dola mia nne, nauli ya kwenda kusikilizwa huila kesi.

Kinachobaki kwa aliyerudi Dar, Bujumbura au Lubumbashi ni kadi yenyewe. Na hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu ni haki ambayo watu wetu wanayo na hawaambiwi. Kanuni za mitandao kama Visa na Mastercard hazijali umetoka nchi gani. Zinataka dai la uharibifu liwe na hati nyuma yake, na zinamruhusu mwenye kadi kuyapinga malipo kupitia benki yake, kwa kawaida ndani ya siku 120. Benki yako hupeleka pingamizi kwa benki ya kampuni, na kampuni hutakiwa kuthibitisha. Mzigo wa kutafuta karatasi unahama kutoka kwako kwenda kwao.

Nilipokwenda tawini, dada aliyekuwa kwenye meza ya wateja aliniambia niwasiliane na hiyo kampuni ya Dubai. Nikamwonyesha barua pepe zangu. Akaniambia pesa zikishakatwa nje ya nchi hazirudi. Alisema kwa upole na kwa kuamini anachosema. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu meneja alipiga simu makao makuu, kitengo cha kadi, na fomu ikaja kwenye barua pepe dakika ile ile. Ilikuwa kurasa mbili, na moja ya maswali yake ya kwanza lilikuwa kama nimejaribu kumalizana na mfanyabiashara, na tarehe gani. Fomu hiyo ilikuwepo siku zote. Benki inayotoza ada ya kadi kila mwaka na kuitangaza kwa picha za ndege na fukwe inapaswa kuiweka kila tawi, kwa Kiswahili, na kumfundisha kila anayekaa kwenye meza ile kwamba siku 120 zinahesabika. Benki Kuu zetu, ambazo zina kanuni za kulinda watumiaji wa huduma za fedha, zinaweza kuliagiza hilo.

Niliambatanisha fomu yangu ya Deira yenye maandishi juu ya sahihi, barua pepe zangu mbili kwa kampuni, na picha ya shangazi na kitenge chake, saa ikionekana. Siku ya hamsini na mbili dirham 1,800 zilirudi kwenye akaunti.